Mkate wa kumimina wa kwetu Tanga: mwongozo kamili kwa nyie ambao wenu kila siku unakaa chini

Jamani kila Ramadhani ikikaribia maswali ni yale yale, mkate umegoma kuumuka, mkate umeumuka afu ukakaa, mkate juu umeiva chini unavutika, mkate mgumu kama kandambili. Na lawama zote mtu anampelekea hamira, ooh hamira za siku hizi mbovu, ooh nimeuziwa feki. Mi nasema hamira mara nyingi haina kosa. Wanaoharibu ni wawili, maji na moto. Yani tui limekua jepesi au zito kupita kiasi, afu makaa yanawashwa wakati mchanganyiko ushaumuka zamani na ushachoka kusubiri. Kwaiyo leo naandika mwanzo mwisho na sababu za kila kitu, ili hata ukiharibu ujue umeharibia wapi.

Mambo ya mkate huu ulitokea wapi tuwaachie wenyewe. Twende jikoni.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Hivi ni vipimo vya mkate mmoja, sufuria yenye upana wa sentimita 20 mpaka 22 kwa ndani. Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250, kama huna basi chukua kikombe chochote cha nyumbani ila kiwe hicho hicho mpaka mwisho, usipimie mchele kwa bilauri na tui kwa kikombe cha chai.

- Mchele vikombe 2 (kama gramu 400)
- Tui zito kikombe 1 na robo, na robo kikombe nyingine iwe pembeni ya akiba
- Sukari robo tatu ya kikombe
- Hamira ya chenga kijiko cha chai 1, kilichofutwa juu sio cha mlima
- Hiliki punje 8 mpaka 10
- Ute wa yai 1
- Chumvi kidogo, ile ya kushika na vidole viwili
- Samli au mafuta kijiko 1 cha chakula, ya kupaka sufuria

Vyombo: blenda, bakuli refu lenye nafasi, chujio, mwiko, sufuria nzito ya alumini, mfuniko bapa wa bati ambao hauna plastiki popote, koleo la makaa, kitambaa kinene, na kijiti kirefu cha kuchomea. Jiko la mkaa liwe moja kubwa au mawili madogo. Wa oveni na wa gesi msiondoke, nanyi nimewawekea sehemu yenu huko chini.

Tuongee kidogo kuhusu mchele, nazi na hamira

Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo mkate unapoanza kuharibika.

Mchele chukua ule mkavu wa zamani usionata. Hapa kwetu mchele wa Mombo wa msimu uliopita unafanya kazi vizuri tu, huna haja ya kununua ule wa bei mbaya wenye harufu maana harufu yote itafunikwa na hiliki na nazi. Mchele mpya uliotoka shambani juzi unanata, mkate wake unakua na utelezi ndani hata ukiiva. Chenga nazo sawa, tena zinalowana haraka, ila kaa uchague mawe kwa nafsi yako, blenda haitafuni mawe.

Unga wa mchele wa dukani usitumie. Najua ni rahisi, najua umechoka, lakini ule umesagwa mkavu na haunyonyi maji sawa na mchele uliolowana usiku kucha, kwaiyo unabaki na uchanga uchanga ambao unazama chini wakati wa kuumuka.

Nazi iwe nazi kweli, sio koroma. Pale Mgandini au soko lolote, itikise sikioni usikie maji yanacheza, afu angalia yale macho yake matatu, yakiwa yameloa au yana ukungu rudisha. Usione aibu kumwambia muuzaji akuvunjie pale pale uinuse, wenye nazi nzuri hawakasiriki. Kwa kipimo chetu nazi mbili za wastani zinatosha. Ukikaa kwenye mbuzi ukune nyama nyeupe tu, ukianza kuona rangi ya kahawia acha, ile ngozi inachafua tui na mkate unakua na rangi ya vumbi.

Kukamua: machicha yote tia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja tu, sugua kwa mikono, chuja. Hilo ndo tui letu. Likipungua kidogo kwenye kipimo, ongezea kwa kukamua mara ya pili na maji kidogo sana. La tatu peleka kwenye mbaazi, huku halina kazi.

Wa tui la boksi au la kopo, sina ugomvi nanyi, ila lile zito kabisa lizimueni, robo tatu tui robo maji. Mafuta ya nazi yakizidi yanavunja povu, na mkate huu unasimama kwa povu. Mchele hauna ule mnato wa unga wa ngano unaovutika na kushika hewa. Hewa ya hamira humu inashikwa na uzito wa mchanganyiko na ule ute wa yai, bas, hakuna msaada mwingine. Kumbuka hili maana hatua zote zinazofuata zinatokana nalo.

Hamira ipime. Weka kijiko cha maji vuguvugu, sukari kidogo sana, hamira kidogo, subiri dakika 10. Ikitoa povu iko hai, isipotoa tupa paketi nzima. Na unyevu huu wa pwani paketi ukishaifungua usiikunje kunje ukaichomeka kabatini, itie kwenye kikopo kinachobana na ikae kwenye friji.

Hiliki nunua za punje umenye mwenyewe. Sisi tumekaa jirani na Amani, hiliki inalimwa huko juu Usambara, sasa mtu wa Tanga kununua unga wa hiliki uliokaa dukani mpaka harufu imeisha mi naona ni uvivu tu, samahani.

Hatua ya 1: Loweka mchele

Osha mchele mara tatu mpaka maji yapungue weupe, loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 au usiku mzima. Kipindi cha kaskazi, joto la Januari Februari lile, badilisha maji mara moja kabla ya kulala la sivyo asubuhi unakuta yana harufu ya kuchacha.

Kwa nini muda wote huo? Punje ikilowana mpaka ndani inasagika laini kabisa. Isipolowana inavunjika vichenga vichenga, vinazama, vinajikusanya chini ya sufuria na hapo ndo linapatikana lile tabaka gumu lisilo na vitundu mnalolalamikia.

Utajuaje tayari: shika punje moja ibonyeze na kucha. Ikisagika bila kukuletea ubishi iko sawa. Ikikatika ka! acha saa mbili zingine.

Ukimaliza mwaga kwenye chujio na uache ijichuje dakika 15. Usiruke hii jamani. Maji yanayobaki kwenye mchele huwa hamyahesabu, mtu anasema nimefuata kipimo kumbe karibu robo kikombe ya maji ameingia nayo bila kujua.

Hatua ya 2: Saga

Tui litangulie kwenye blenda, afu nusu ya mchele na hiliki na chumvi, saga, kisha nusu iliyobaki. Sukari bado. Ute wa yai bado. Hamira bado.

Saga dakika moja, pumzisha nusu dakika, saga tena, mpaka jumla ufike kama dakika 4 au 5 kutegemea nguvu ya mashine yako. Kupumzisha sio kuonea huruma blenda peke yake, ile kisu inapozunguka inapasha mchanganyiko moto, na ukishakua wa moto hamira inafanya kazi mbio mbio usipotaka, au inakufa kabisa. Ndo maana hamira naitia mwishoni, saga nayo sekunde 10 tu ichanganyike.

Sasa chukua kidogo kwenye vidole sugua. Usisikie chenga hata moja. Ukisikia saga tena, hapa ndo pa kung'ang'ania maana ukishapita huna pa kurudi.

Uzito wake: chota na upawa, mwaga kutoka juu. Ushuke mfululizo bila kukatika katika, na ile alama unayochora juu ya mchanganyiko ipotee ukihesabu moja mpaka tatu. Ikipotea hapo hapo umekua mwepesi, tia kijiko kimoja au viwili vya wali uliopoa afu saga tena, unashika vizuri. Ikikaa haipotei umekua mzito, ile robo ya tui ya akiba itumie sasa, kijiko kijiko, usimwage yote kwa hasira.

Kukikatika umeme katikati ya kusaga usipaniki. Kama hujatia hamira weka kwenye friji uendelee ukirudi. Kama ushaitia, basi chuja, chenga zilizobaki twanga kwenye kinu uzirudishe. Bibi zetu walitwanga na kuchekecha mwanzo mwisho na mkate uliliwa.

Hatua ya 3: Umua, na hapa jiko ndo uliwashe

Mimina kwenye bakuli ambalo mchanganyiko umefika nusu tu, funika na kitambaa kibichi kilichokamuliwa, weka sehemu isiyo na upepo. Bandika kipande cha selotepu nje ya bakuli pale mchanganyiko ulipofika, usitegemee macho maana macho yana njaa.

Muda: joto la kaskazi dakika 35 mpaka 45. Kusi likivuma, Juni Julai, inaweza kufika saa moja na zaidi. Kwaiyo mtu akikwambia "acha lisaa" bila kukuuliza uko wapi na ni mwezi gani, muache. Unaangalia alama, sio saa.

Unachokitaka: umepanda nusu ya ulivyokua, yani kama ulikua vidole vinne sasa ni sita, juu kuna povu dogo dogo na vipovu vinapasuka taratibu, harufu ni ya nazi na utamu wa mkate kwa mbali.

Usichokitaka: katikati pamebonyea, pembeni kumebaki ukanda wa povu, harufu imekua ya pombe. Huo umepitiliza. Hewa ishatoka na hakuna jiko litakaloirudisha. Kama ndo kwanza unaanza kubonyea kimbia nao hatua inayofuata haraka. Kama ushachacha usiubishie, tia sukari uchome vibibi kwenye chuma, watoto watashukuru na wala hawatajua kilichotokea.

Na sababu ya watu kupitiliza ni hii hapa, jiko. Mtu anasubiri mchanganyiko uumuke kwanza ndo ashuke kuwasha mkaa, mkaa mbichi, kiberiti kimelowa, mara aende kwa jirani kuomba kaa la moto na jirani nae ana maneno, akirudi nusu saa imepita. Makaa yanataka dakika 20 kukolea mpaka yawe mekundu na jivu jeupe juu. Kwaiyo ukishafunika bakuli hesabu dakika 15, shuka kawashe. Bora moto umsubiri mkate.

Halafu washa nje au sehemu yenye madirisha wazi. Makaa yana ile hewa ya sumu haina harufu, chumba kilichofungwa mtu analala moja kwa moja. Mvua ya masika isikufanye uingize jiko ndani ukafunga mlango.

Hatua ya 4: Sukari na ute wa yai

Mchanganyiko ukishapanda ndo unatia sukari. Wengi wanaitia mwanzo kwenye blenda, afu wanashangaa mbona umekua maji. Sukari ikiyeyuka inalegeza mchanganyiko mzima, na ukishalegea mwanzo hauwezi kushika hewa wakati wa kuumuka. Ukiitia sasa, kazi kubwa ya hewa ishafanyika.

Tia kwa mafungu, koroga na mwiko taratibu kutoka chini kuja juu, mpaka usisikie chenga za sukari. Utaona umeshuka kidogo, kawaida, usiogope.

Ute wa yai upige pembeni na uma mpaka uwe povu jeupe laini, sio lazima usimame. Pasiwe na kiini hata tone, kiini ni mafuta na mafuta nshasema yanavunja povu. Changanya kwa kukunja kunja. Hapa mwiko uende pole, mtu anayepiga mchanganyiko kwa nguvu sasa hivi anatoa hewa yote aliyokua anaisubiri tangu saa ile.

Funika, acha dakika 10. Dakika hizo ndo za sufuria.

Hatua ya 5: Sufuria na moto wa chini

Nyooka hapa, sehemu hii ndo ina mkate wako.

Gawa makaa. Chini bakisha moto wa wastani, yaliyobaki yasogeze pembeni au kwenye jiko la pili, ndo yatakua ya juu. Shangazi yangu wa Makorora huwa anaweka kiganja juu ya jiko, kimo cha shubiri moja, na anahesabu kimya kimya midomo inacheza. Akifika sita ndo anatoa mkono na kusema "haya leta". Akitoa kwenye tatu anachukua koleo anapunguza makaa mawili matatu bila kumuangalia mtu. Fanya hivo hivo, sita ndo moto wenyewe.

Sufuria paka samli chini na pembeni kote, ibandike mpaka ipate moto sawasawa. Dondoshea tone moja la mchanganyiko. Likilia chwaa na kufanya vitundu papo hapo, iko tayari. Likikaa kimya subiri. Likiwa la kahawia mara moja, moto mkali, epua ipoe kidogo.

Kwa nini sufuria iwe ya moto? Mchanganyiko ukigusa chini ya moto, ile hewa inapanuka na kupanda juu wima, inaacha njia zake, na mchele unashika kabla njia hazijaziba. Ndo unapata vile vitundu virefu vya kutoka chini mpaka juu. Ukimimina kwenye sufuria ya baridi hewa inatoka pole pole na chini kunabaki tope, ndo lile tabaka. Mkate wa kumimina unatazamwa ukikatwa, na wakwe wanatazama vitundu kabla hawajaonja, tusidanganyane.

Koroga mchanganyiko mara moja kwa upole, mimina wote kwa mkupuo katikati ya sufuria. Usitandaze na mwiko, utajitandaza wenyewe. Kina kisizidi vidole viwili, ukizidi juu utaungua kabla katikati hapajaiva.

Usifunike. Dakika 6 mpaka 8 uache wazi. Utaona pembeni kunaanza kukauka, afu vitundu vinafunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kimoja, vitano, mara sufuria nzima. Vikishafika katikati na uso umeanza kupoteza mng'ao wa maji, ndo muda wa kupalia.

Hatua ya 6: Palia moto juu

Weka mfuniko, panga makaa juu yake, mengi pembeni na machache katikati kwa sababu katikati ndo panaungua mwanzo. Sasa chini punguza, bakisha makaa matatu manne tu. Kanuni ni juu kwingi chini kidogo. Ukiacha vyote sawa utapata mkate uliokauka chini na moshi.

Kagua mfuniko usiwe umebonyea kugusa mkate ukipanda. Na usifunue dakika 10 za kwanza, hata ukiitwa, hata harufu ikupigie magoti. Baridi ikiingia wakati ndani bado maji, katikati panashuka na hapapandi tena.

Ukifunua, nyanyua mfuniko wima kwa koleo na kitambaa, uvute pembeni ukiwa bado umelala sawa. Ukiuinamisha jivu lote linaingia kwenye mkate na jivu halitoki. Siku ya upepo geuza jiko liwe nyuma ya ukuta.

Jumla ya kupalia ni dakika 15 mpaka 20. Umeiva ukiona: juu rangi ya dhahabu iliyokolea, pembeni mkate umejiachia na sufuria, ukibonyeza na kidole unarudi, na kijiti ukichoma katikati kinatoka kikavu. Kijiti kikitoka na unyevu unaonata rudisha mfuniko dakika 5, makaa ya chini usiongeze.

Wa oveni na wa gesi

Oveni: iwashe nyuzi 180 mapema, ila sufuria anzia kwenye jiko la juu vile vile, samli, chwaa, vitundu vifunguke, ndo uingize kwenye oveni dakika 20 mpaka 25. Wanaomimina kwenye chombo cha baridi na kuingiza oveni moja kwa moja ndo hao wanaokuja kusema "wangu hauna vitundu". Mwisho kama juu bado mweupe washa moto wa juu dakika 2, simama hapo hapo.

Gesi: moto mdogo kabisa, chini ya sufuria weka chuma cha chapati ili moto usambae. Vitundu vikifunguka, mfuniko uvishe kitambaa kikavu ili mvuke usidondokee mkate, ncha za kitambaa zifunge juu zisikaribie moto. Dakika 20 hivi. Utaiva na vitundu vitakuwepo ila juu utabaki mweupe, hilo halina dawa bila moto wa juu. Kuugeuza wengine wanageuza, mi naona unapoteza sura.

Hatua ya 7: Poza kabla ya kukata

Dakika 30, usinitie maneno. Mkate wa mchele ukiwa wa moto ndani bado haujakaa sawa, kisu kinaukanda, vitundu vinajibana na wewe unadhani haujaiva. Pitisha kisu pembeni, pindua kwenye sinia, pindua tena uso uwe juu, uache upumue. Kata kwa kisu chenye meno, vipande vya pembe tatu au vya mshazari.

Ukiharibika, soma hapa

Chini kuna tabaka linalovutika, juu safi: mchele haukusagika, au mchanganyiko ulikua mwepesi, au sufuria ya baridi. Ukikumbuka tone lililia chwaa, basi rudi kwenye kusaga.

Umepanda vizuri jikoni afu umebonyea katikati: ama uliumuka kupita, ama ulifunua mapema. Harufu itakwambia, ukiwa na uchachu kwenye ulimi ni kuumuka.

Haukuumuka kabisa tangu kwenye bakuli: hapa sasa ndo tuilaumu hamira, kama hukuipima. Au ulitia tui la moto. Tui liwe la kuchovya kidole bila kushtuka.

Umeshika chini ya sufuria: samli kidogo, au sukari imezidi. Kuna watu wanatia kikombe kizima cha sukari na nusu, ile sukari inaungua chini na kuganda. Mkate huu unaliwa na chai yenye sukari, uacheni uwe na utamu wa kiasi.

Una mafuta mafuta juu: tui la boksi hukulizimua.

Wageni ni wengi na unataka kuzidisha vipimo: zidisha sufuria, usizidishe kina. Fanya mchanganyiko wa pili ukiachana na wa kwanza nusu saa, ili mmoja ukitoka jikoni mwingine ndo unafika kwenye alama. Ukiumua yote kwa pamoja na jiko moja, wa pili utachacha ukiusubirisha.

Kula na kuhifadhi

Futari inakaa na uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, siku za kawaida chai ya maziwa yenye tangawizi saa kumi jioni. Wengine wanachovya kwenye mchuzi wa kuku wa nazi, na mbaazi za nazi za asubuhi nazo hazijakataa.

Ukibaki, ufunike na kitambaa safi juu ya meza, utakaa mpaka kesho yake. Zaidi ya hapo na joto letu hili nazi inaanza kubadilika. Friji inaukausha na kuufanya mgumu, kwaiyo kama lazima ukae siku mbili tatu basi ukate vipande, uvifunge vizuri uvitie kwenye friza, siku ya kula unavipasha kwenye kikaango kikavu moto mdogo, umefunika, dakika 3 kila upande.

Ncha za pembeni zilizokauka msizitupe, hizo ndo za mpishi na chai yake kabla hajaita watu.